Malale Arua na Koboko

Malale ya Nile Magharibi huenezwa na mbung'o wa kandokando ya mito, mahali wanapochota maji akina mama. Mwaka 1979 watu wengi walikimbilia Zaire na Sudan. Waliporejea miaka ya 1980, ugonjwa ulilipuka upya. Vimelea vikishafika ubongoni, tiba ilikuwa melasoproli, dawa yenye aseniki iliyoua takriban wagonjwa 5 kati ya 100. Kuanzia 2011 vitambaa vidogo vya buluu vyenye dawa ya wadudu viliwekwa mitoni Arua. Vidonge vya feksinidazoli vilifuata mwaka 2018. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale hii si tatizo tena la afya ya umma Uganda. Hata hivyo, Koboko inapakana na Sudan Kusini na Kongo, na mbung'o hajui mpaka. Wagonjwa wakipungua, wanaoutambua ugonjwa nao hupungua. Ndiyo sababu neno malale lisitoke katika masomo yetu.