Mji Uliojengwa kwa Miguu

Kasongo ilikuwa mji mkubwa kabla ya gari na reli. Siku za Tippu Tip, misafara ilitoka Ujiji, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo kwa miguu. Nyumba, soko na mashamba ya mpunga vilikaa karibu-karibu. Lakini tusisahau: pembe zilichukuliwa mabegani mwa watumwa na wapagazi. Mwaka 1893 majeshi ya Dhanis yaliuteka mji. Baadaye makao yakahamishwa, na ule wa kale ukaitwa Tongoni. Reli ya Kindu–Kongolo, iliyomalizika mwaka 1911, ilipita ng'ambo ya Lualaba. Hivyo tukabaki watu wa miguu na kinga. Njia zetu zilikanyagwa kwanza na wafungwa. Basi kila tunayekutana naye tumsalimu kama ndugu.