Yoni wa Entebbe: askari mwenye kaburi, na wafu wasiotajwa

Ninyi jamaa mlioacha mashamba na nyumba zenu mkafika huku Lubumbashi, leo tunasimulia maisha mafupi ya kijana mmoja Myahudi. Wayahudi si wageni katika mji wetu. Tangu enzi ya Elisabethville, familia nyingi zilikuja kutoka kisiwa cha Rhodes, zikafungua maduka, na sinagogi yao ingali imesimama hapa mjini. Lakini kijana tunayemsema hakuishi Kongo. Alikufa kwa majirani zetu, huko Entebbe, Uganda, akiwa na miaka 30.

Jina lake ni Yonatan Netanyahu, na wenzake walimwita Yoni. Alizaliwa New York, Marekani, tarehe 13 mwezi wa tatu 1946. Baba yake, Benzion, mwanahistoria, alizaliwa Warsaw, Poland. Mwaka 1949 wazazi walimpeleka Israeli, inchi iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Mtoto akaingia Yerusalemu kama mhamiaji. Safari hazikuishia pale: baba alifuata kazi Marekani, jamaa ikaenda, ikarudi, ikaenda tena. Yoni alimaliza shule ya sekondari karibu na Philadelphia mwaka 1964. Watoto waliohamahama wanajua hali hiyo: kila mahali unajifunza desturi za wenyeji, na bado moyo unauliza kwetu ni wapi. Yoni alijibu kwa kurudi Israeli mwaka ule ule na kuingia jeshini, katika kikosi cha askari wa miavuli.

Katika vita vya 1967 alipigwa risasi kwenye kiwiko. Akaenda kusoma Harvard, lakini hakukaa sana. Akarudi tena jeshini. Katika vita vya 1973 alipewa nishani kwa kumwokoa afisa mwenzake aliyekuwa amelala majeruhi upande wa adui. Halafu akawa kiongozi wa Sayeret Matkal, kikosi cha siri cha jeshi la Israeli, akiwa na cheo cha luteni kanali.

Tarehe 27 mwezi wa sita 1976, ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kupita Athens. Watekaji walikuwa Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Ilitua Benghazi, Libya, kisha ikafika Entebbe, ambako wenzao waliongezeka na Idi Amin akawapokea. Walidai wafungwa 53 waachiliwe. Abiria wengi wasio Waisraeli waliachiliwa wakaenda Paris. Waisraeli walibakizwa, na rubani Michel Bacos pamoja na wafanyakazi wake walikataa kuwaacha.

Usiku wa tarehe 3 kuingia 4 mwezi wa saba, ndege nne za jeshi la Israeli zilitua Entebbe baada ya safari ya karibu kilomita 4,000. Ndani ya ndege ya kwanza mlikuwa na gari jeusi la Mercedes, ili walinzi wadhani ni Amin anayerudi kutoka mkutano wa Umoja wa Afrika huko Mauritius. Yoni aliongoza kundi lililoelekea jengo la zamani la kiwanja, mahali walipofungiwa mateka. Kazi yote ilichukua chini ya saa mbili. Mateka 102 walitolewa. Yoni alipigwa risasi nje ya jengo lile akafa. Ndiye askari pekee wa kikosi hicho aliyeuawa usiku ule. Operesheni ile ikapewa jina lake, naye akazikwa Mlima Herzl, Yerusalemu. Ndugu yake mdogo, Benjamin, baadaye akawa waziri mkuu. Tarehe 4 mwezi wa saba 2016, miaka 40 kamili baadaye, alikuja Entebbe kumkumbuka.

Hapo ndipo wengi wanafunga hadithi. Lakini sisi watu wa eneo hili la Maziwa Makuu tuendelee kuhesabu.

Mateka watatu walikufa katika mapigano yale. Wa nne, mama Dora Bloch, mwenye miaka 74, alikuwa hospitali ya Mulago, Kampala, kwa sababu chakula kilimkwama kooni. Baada ya uvamizi, watu wa Amin walimtoa kitandani wakamuua. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, Amin alipokwisha kuanguka. Waaskari wa Uganda waliokufa kiwanjani, hesabu inayotajwa mara nyingi ni 45. Walikuwa watoto wa wakulima na wafugaji, waliowekwa kulinda mateka ambao si wao waliowateka. Halafu, kwa kuwa ndege za Israeli zilijaza mafuta Nairobi, Amin alimwaga hasira juu ya Wakenya walioishi Uganda. Wengi waliuawa, na maelfu wakakimbia na mizigo kichwani. Hao hawakujua lolote juu ya mpango ule.

Jina la Yoni limeandikwa juu ya jiwe, juu ya barabara na ndani ya vitabu. Nani kati yetu anaweza kutaja jina la askari mmoja tu wa Uganda aliyekufa usiku ule? Au la Mkenya mmoja? Kila mmoja wao alikuwa na mama aliyemngojea. Si kosa la Yoni kukumbukwa: watu wake walimwandika, wakamzika kwa jina, wakarudi kaburini kila mwaka. Sisi ndio tusioandika.

Ninyi mliokimbia vita mnajua uzito wa jambo hili. Kuna waliobaki njiani, wengine wakazikwa haraka kando ya barabara bila hata kipande cha ubao. Wakisemwa redioni, wanakuwa hesabu tu: kumi hapa, arobaini pale. Basi tafuteni daftari la mtoto wa shule. Andikeni jina la marehemu, jina la baba na mama, kijiji, tarehe, na mahali alipolala. Wazee wangali hai, waulizeni leo. Kumwandikia mtu wako jina hakuhitaji serikali wala jeshi, na siku njia itakapofunguka, mtajua mahali pa kwenda kumlilia.