Maji ya Ruwenzori na Kazi za Mikono Yetu

Biashara si jambo geni kwetu watu wa Butembo na Beni. Zamani Wanande walifuata chumvi Katwe, karibu na Ziwa Edward, katika nchi iitwayo leo Uganda, wakairudisha kwa miguu hata milima ya Lubero. Baadaye ikaja kahawa. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya kahawa yalivunjika na bei ikaanguka; tena ugonjwa wa mnyauko ukaiua mibuni. Ndipo wakulima wengi wa Beni walipogeukia kakao.

Hayati Askofu Emmanuel Kataliko, aliyechunga jimbo letu tangu 1966 hata 1997, aliwahimiza Wakristu watengeneze barabara kwa mikono yao, wasikae kungoja Serikali. Katika siku zake, mwaka 1989, kilianzishwa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben huko Butembo, ambamo vijana husomea kilimo.

Lakini barabara ipitishayo maharagwe hupitisha makala pia. Mbuga ya Virunga iliwekwa mwaka 1925, wakati wa Mfalme Albert wa Ubelgiji, na tusifiche neno: wengi waliona wamenyang'anywa ardhi ya baba zao. Mtu mwenye njaa ukimkataza mti bila kumwonyesha kazi nyingine, ataukata usiku.

Kwa hiyo jambo la Mutwanga, chini ya Ruwenzori, lastahili kukumbukwa. Mwaka 2013 wakuu wa mbuga walifungua huko mtambo mdogo wa umeme, wa kilowati 400, uendeshwao na maji yashukayo mlimani. Watu husifu taa. Sisi twasifu mashine. Seremala, fundi wa kuunga vyuma, mwenye kinu aliyezoea kununua mazutu kwa bei kali, hao ndio waliohitaji umeme. Kikaja kiwanda cha sabuni, kitumiacho mafuta ya mawese ya wakulima wa huko, kisha kiwanda kidogo cha chokoleti. Kakao iliyokuwa ikivuka mpaka ndani ya magunia, sehemu yake ikageuzwa chakula papo hapo, na mshahara ukabaki kijijini.

Mtaji nao ni mlima mwingine. Fundi asiye na nyumba ya kuweka rehani, benki gani itamsikiliza? Watu wa umeme wa Virunga walipatana na benki ya Equity BCDC: mwenye kazi ndogo hukopeshwa, naye hulipa deni kidogo kidogo kadiri anunuavyo umeme. Twaona ni akili njema, maana mashine ikizunguka, deni lapungua.

Hata hivyo kakao huchumwa shambani, na tangu 2014 wauaji wamewavamia watu wa Beni mara nyingi, hata mashambani mwao. Wako wakulima ambao kakao yao imeiva, nao wamekimbilia mjini. Parokia zinazowapokea zawajua kwa majina. Hao wakitaka kushona, kuoka mikate au kutengeneza sabuni wakati wa kungoja amani, chama cha akiba cha jumuiya kisiwaulize kwanza wametoka kijiji gani.