Mbwa akikataa kula, usikimbilie kumtia mkono mdomoni

Mbwa kususa chakula siku moja si ajabu. Joto kali au minyoo hutosha. Akifika siku ya pili, amepoa na fizi zimepauka, huenda ni ugonjwa wa kupe. Mwite daktari wa mifugo.

Wa kuogopwa ni yule ambaye taya limelegea, udenda unamtoka na sauti imebadilika. Wengi hudhani amekwamwa na mfupa, wakaingiza mkono kuutoa. Hicho chaweza kuwa kichaa cha mbwa, na virusi vimo kwenye mate hayohayo. Ondoa watoto, usimguse, mpigie ofisa mifugo.

Mate yakiingia kwenye mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.