Mti wa kisamvu uliowatia wazimu wanunuzi wa hisa

Mpishi wa Morogoro anaujua mti wa mpira kwa majani yake. Yakitwangwa vizuri na kuungwa kwa tui la nazi, ndiyo kisamvu cha mpira, na wapo wanaoapa kwamba kinakishinda kisamvu cha muhogo wa kawaida. Mti wenyewe ni jamaa ya muhogo, asili yake Brazili. Wajerumani hawakuuleta kwa ajili ya mboga. Waliutakia utomvu, na mwaka 1910 utomvu huo uliwafanya watu wa London, ambao hawakuwahi kuiona Milima ya Uluguru wala Usambara, kutoa akiba zao kwa pupa.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro Desemba 1907. Walowezi walifuata njia yake wakipanda mkonge, pamba na mpira. Huko Ulaya na Marekani magari yalikuwa yanaongezeka, na kila gari lilitaka matairi. Mapema 1908 ratili moja ya mpira iliuzwa London chini ya shilingi 4. Aprili 1910 ikapita shilingi 12.

Hapo ndipo akili za watu zilipohama kutoka kwenye mpira kwenda kwenye hisa. Kampuni mpya za mashamba zilisajiliwa mfululizo, na hisa zao zikagombewa hata pale ambapo miti ilikuwa bado haijafikia kugemwa. Kampuni za Kiingereza zilikuja mpaka koloni la Mjerumani kununua mashamba kwa bei ya juu. Mnunuzi hakuuliza tena shamba litatoa ratili ngapi. Alimtazama jirani yake aliyeuza hisa kwa faida wiki iliyopita, akaona anachelewa. Walioshuhudia hisa za Safaricom zikigombewa Nairobi mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya wanaijua hali hiyo. Kabla mwaka haujaisha, bei ilikuwa imeshuka chini ya hapo, na wengi wakauza kwa hofu. Mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilipita shilingi 40.

Tofauti ni kwamba mpira wa Morogoro haukuwa na nguvu ya kungoja. Mti wa Malaya na Ceylon, wa aina nyingine, hutoa utomvu mwingi na bora zaidi, ila huchukua miaka mitano hadi saba kukomaa. Miti iliyopandwa huko tangu miaka ya 1905 na 1906 ilikuwa njiani, na jambo hilo halikuwa siri. Mtu mwenye kalamu na karatasi angeweza kukadiria shehena itafika lini. Kwa hiyo naamini hofu ya 1913 ilikuwa na akili kuliko shangwe ya 1910. Mwishoni mwa 1913 ratili haikufika shilingi 3, na mashamba ya mpira ya Afrika Mashariki yakashindwa kulipia hata gharama za kugema. Mengine yaling'olewa, mkonge ukachukua nafasi yake. Mengine yaliachwa yakawa pori. Waliouza mapema waliondoka na fedha. Vibarua waliotoka mbali kama Unyamwezi, waliofanya kazi kwa kipande cha siku 30, hawakuwa na hisa ya kuuza.

Mkonge nao ukapitia njia hiyo. Vita vya Korea viliipandisha bei hadi 1951, ikaporomoka baadaye. Ikapanda tena miaka ya 1963 na 1964, wakulima wakubwa wakachangamka, kisha nyuzi za viwandani zikaivunja.

Lakini ile miti ya mpira iliyoachwa porini ilikuwa bado hai. Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, Uingereza ilikosa mpira wa vita, na serikali ya Tanganyika ikaagiza mashamba ya zamani ya Wajerumani yafyekwe na kugemwa upya. Safari hii hakukuwa na kugombea hisa. Watu walikamatwa vijijini na kupelekwa kugema kwa lazima.