Mnyoo Aliyezua Mjadala wa Jeni

Mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans ana urefu wa milimita moja tu. Miaka ya 1980, katika maabara ya Robert Horvitz kwenye chuo cha MIT, Marekani, watafiti wawili vijana, Victor Ambros na Gary Ruvkun, walikuwa wakichunguza minyoo wa aina hii wenye kasoro. Wale walioharibika jeni iitwayo lin-4 hawakukomaa: walirudia hatua za utoto na kukosa tundu la kutagia. Mayai yaliwaangulia tumboni, watoto wakamla mama yao.

Watafiti hao walipoondoka pale, Ambros alibaki na lin-4, Ruvkun akachukua lin-14, jeni ambayo lin-4 huibana. Kila mtu alidhani kinachobana ni protini. Ambros, Rosalind Lee na Rhonda Feinbaum walizidi kupunguza kipande cha DNA chenye lin-4, hadi kikawa kidogo mno kubeba maelekezo ya protini. Kilichotoka humo kilikuwa RNA yenye herufi 22. Mwaka 1992 pande mbili zikapelekeana mifuatano yao: herufi za lin-4 zilioana na sehemu kadhaa za mkia wa RNA ya lin-14.

Makala zao mbili zilitoka Desemba 1993 katika jarida la Cell. Wengi waliona ni kioja cha minyoo, wakapita.

Ukimya ulivunjika mwaka 2000. Maabara ya Ruvkun ilipata RNA nyingine fupi, let-7, na hii ilikutwa kwa nzi, samaki na hata binadamu. Mwaka uliofuata jina mikroRNA likaanza kutumika kwa RNA fupi za aina hii.

Ndani ya seli zetu, mikroRNA huanza kama uzi mrefu uliojikunja mfano wa kibanio cha nywele. Kimeng'enya Drosha huukata ndani ya kiini cha seli, Dicer huumalizia nje. Protini iitwayo Argonaute hukibeba kipande kilichobaki hadi kwenye RNA mjumbe, ile inayobeba maelekezo ya protini, inayooana nacho. Herufi saba hivi za mwanzo zikioana, mara nyingi inatosha. Ndiyo maana mikroRNA moja huweza kubana mamia ya jeni. Ujumbe hausomwi vizuri, au huoza mapema. Ni kupunguza utambi wa kandili, si kuizima.

Utambi ukiharibika, madhara ni makubwa. Mwaka 2002 kundi la mtafiti Carlo Croce lilionyesha kuwa mikroRNA mbili, miR-15 na miR-16, hupotea au kupungua kwa wagonjwa wengi wa aina moja ya saratani ya damu.

Ambros na Ruvkun walitangazwa washindi wa Nobel ya Tiba Oktoba 7, 2024. Siku hiyo hapakuwa na dawa hata moja ya mikroRNA iliyoidhinishwa kwa wagonjwa.