Ngome ya Ranthambore na Msitu Wake

Katika jimbo la Rajasthan, kaskazini-magharibi ya Bara Hindi, pale vilima vya Aravalli vinapokutana na vile vya Vindhya, juu ya jabali lililochongoka imejengwa ngome ya Ranthambore, na chini yake umeenea msitu wa simbamarara uliovuma duniani kote. Wageni wengi huingia alfajiri kwa magari ya wazi kumtafuta mnyama, wakisha kumwona huenda zao bila kupanda ngazi za mawe ziendazo ngomeni, na mimi naona wamepata hasara kubwa, kwa maana tarehe ya ngome ile na tarehe ya msitu ule ni tarehe moja.

Mwaka 1299 jeshi la Sultani Alauddin Khalji wa Delhi lilikuwa likirejea kutoka Gujarat na ghanima nyingi, ndipo baadhi ya askari wa Kimongolia waliosilimu walipoasi kwa sababu ya mgao wa mali hiyo, na wakuu wao, akiwemo Muhammad Shah, wakakimbilia kwa Raja Hammira wa Ranthambore. Raja alikuwa Mhindu nao ni Waislamu. Hata hivyo aliwapa himaya, na Sultani alipowataka, akakataa kuwatoa. Basi ngome ikahusuriwa. Nusrat Khan, amiri mashuhuri wa Sultani, alipigwa na jiwe lililorushwa kwa mtambo kutoka kutani, akafa, hata ikambidi Sultani aje mwenyewe. Mwezi wa Julai 1301, njaa ilipowazidi waliokuwa ndani, wanawake walijitosa motoni, na Raja akatoka na watu wake waliobaki kwenda kufa vitani. Wanasimulia waandishi wa tarehe kwamba Muhammad Shah alikutwa amejeruhiwa, na Sultani alipomwuliza atafanya nini akitibiwa apone, alijibu kuwa atamwua yeye Sultani na kumtawaza mwana wa Hammira. Aliuawa kwa kukanyagwa na tembo, lakini Sultani, kwa kuustahi uaminifu wake, akaamuru azikwe kwa heshima.

Akbar, mfalme wa Wamoghuli, naye aliitwaa ngome mwaka 1569, na katika karne ya 18 ikaingia mikononi mwa wafalme wa Jaipur, ambao waliufanya msitu kuwa mahali pao pa kuwindia na kuwazuia raia wasiwinde humo. Na kwa hali hiyo miti na wanyama vikasalimika. Hata Januari 1961 Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, alipiga simbamarara huko kwa bunduki. Mwaka 1973 serikali ya India iliuingiza msitu huu miongoni mwa hifadhi tisa za kwanza za simbamarara, na baadaye vijiji vilivyokuwamo vikahamishwa chini ya uongozi wa mhifadhi Fateh Singh Rathore. Haifai kuisifu hifadhi bila ya kuwataja watu wale walioyaacha mashamba na makaburi ya wazee wao.

Uzuri wa mahali hapa umo hasa katika maziwa yake, Padam Talao, Rajbagh na Malik Talao, ambamo ayala wakubwa waitwao sambar huingia hadi shingoni wakila magugu ya maji, huku mamba wakiwavizia. Kandokando ya maji hayo aliishi Machli, simbamarara jike aliyepata kupigana na mamba mkubwa akamshinda, na aliyekufa mwaka 2016 kwa uzee. Ngomeni kwenyewe kuna hekalu la mungu Ganesh, ambaye Wahindu humpelekea kwa posta kadi za mialiko ya arusi, na mahujaji humiminika huko wakipita katikati ya makazi ya wanyama wakali.

Katika msitu wa Sariska, ulio katika jimbo hilohilo, majangili walikuwa wamewamaliza simbamarara wote kabla ya mwaka 2005. Mwaka 2008 walianza kuchukuliwa simbamarara wa Ranthambore kwa helikopta kwenda kuujaza upya, na mwaka 2012 watoto wa kwanza wa uzao huo wakaonekana.